Nyumba ya babu Shangani: irudi ilivyokuwa, au zipande ghorofa tano?

Swali la msomaji: "Assalaam aleikum. Mama yangu ni mtu wa Barawa, baba alikuwa wa Mogadishu. Tulikimbia 1991 nikiwa mdogo, na tangu hapo tuko Mombasa, Kibokoni. Nyumba ya babu mzaa baba iko mtaa wa Shangani, Mogadishu. Ukuta wa mbele na wa pembeni miwili bado imesimama, lakini dari zote zimeangukia ndani. Ndugu zangu wamechanga pesa. Wao wanataka kifusi kisombwe na zipandishwe ghorofa tano za kupangisha. Mama anataka nyumba irudi kama alivyoikuta siku ya harusi yake, 1978. Nimesoma kwamba Warsaw ilijengwa upya jiwe kwa jiwe baada ya vita. Je, kwetu inawezekana? Na nani kati yao ana haki?"

Waaleikum salaam, dada yangu. Kabla sijaingia baina ya mama na wanawe, nakuomba uwapigie simu walioko Mogadishu leo hii: lori lisichukue kifusi. Mengine yote yanaweza kungoja, hilo haliwezi. Kifusi kikishamwagwa nje ya mji, mama ameshashindwa, na ndugu zako nao wametupa mali bila kujua.

Nimekarabati nyumba za mawe Unguja na Lamu kwa miaka mingi. Kila nilipoitwa kwenye nyumba iliyoanguka, neno la kwanza nililolisikia ni "tusafishe kwanza". Kusafisha huko kumemaliza nyumba ambazo mvua na bahari zilikuwa zimezistahi.

Katika rundo lenu mna mawe, mna ushahidi, na huenda mna kifo. Nianze na hicho cha mwisho. Mosul, Iraki, msikiti wa al-Nuri na mnara wake uliopinda, al-Hadba, ulilipuliwa Juni 2017. Kazi ya kuujenga upya ikaendelea miaka, wataalamu wakiingia na kutoka. Mwaka 2024, miaka saba baada ya vita kwisha pale, yakakutwa mabomu matano makubwa yamefichwa ndani ya ukuta wa kusini wa ukumbi wa sala. Mtaa wenu umepita mikononi mwa wapiganaji wengi tangu 1991. Kabla kijana yeyote hajashika sepetu, aje mtu wa kutegua mabomu, aliyesomea, aende na kipimo chake. Fundi mwashi hawezi kuifanya kazi hiyo kwa macho.

Sasa ushahidi. Dresden, Ujerumani, kanisa la Frauenkirche liliporomoka Februari 1945 baada ya mji kupigwa mabomu, na rundo lake likaachwa palepale zaidi ya miaka arobaini. Ilipoamuliwa kulijenga upya, hawakuleta tingatinga. Mwaka 1993 walianza kuliondoa jiwe mojamoja, kila jiwe likapimwa, likapigwa picha, likaandikwa lilipokuwa limelala. Jengo linapoanguka, mawe hayaruki ovyo. Ya juu huanguka kwa namna yake na ya chini kwa namna yake, na anayejua kusoma rundo anaweza kusema jiwe hili lilitoka wapi. Maelfu ya mawe ya zamani yalirudishwa ukutani. Ukienda leo utayaona, meusi kwa umri, kati ya mapya yenye rangi ya mchanga. Nyumba ya babu si kanisa kuu na hamna bajeti ya Wajerumani. Lakini daftari, futi ya mkononi na simu yenye kamera mnavyo.

Na mawe yenyewe. Nyumba ya aina hiyo imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na zile sehemu laini zilizochongwa, zidaka (vishubaka vya ukutani) na mapambo ya milango, kwa kawaida ni tumbawe jepesi lililokatwa baharini likiwa bichi. Leo hakuna mtu mwenye akili atakayekuruhusu kulipasua tumbawe hai. Basi machimbo yenu yako wapi? Ndani ya nyumba, chini ya dari zilizoanguka. Yachambueni: mawe mazima upande huu, yaliyovunjika upande ule kwa kujazia, na mabaki ya chokaa yachekechwe yatumike kama mchanga. Boriti zilizo nzima zitiwe kivulini.

Hapo ndipo Warsaw, mji mkuu wa Poland, inapokuja, ila si kwa namna uliyoisoma. Baada ya wenyeji kuwaasi Wajerumani kwa siku 63 mwaka 1944, Wajerumani waliichoma na kuilipua Warsaw mtaa kwa mtaa, kwa amri. Jeshi la Kisovieti lilipoingia Januari 1945, asilimia 85 hivi ya mji ilikuwa magofu. Mwezi uliofuata ikaundwa ofisi ya kuujenga upya mji mkuu, na wahifadhi wakiongozwa na Jan Zachwatowicz wakashinda hoja kwamba Mji wa Kale urudishwe sura yake. Waliweza kwa sababu ya karatasi. Kabla ya vita, na kwa siri wakati wa vita, walimu na wanafunzi wa usanifu wa chuo cha ufundi cha Warsaw walikuwa wamechora na kupima majengo. Mji ulipokuwa unateketea, michoro ikatoroshwa hadi mji wa Piotrków, ikafichwa makaburini mwa nyumba ya watawa. Palipokosekana mchoro waliangalia picha za rangi za Bernardo Bellotto, mchoraji wa karne ya 18. Bellotto, mungu amsamehe, alikuwa na tabia ya kupendezesha. Kuna mahali alichora jengo zuri kuliko lilivyokuwa, na Wapolandi wakalijenga hilo zuri.

Lakini jiwe kwa jiwe? Hapana. Nyuma ya kuta za mbele walijenga fleti za kisasa zenye vyoo na maji. Vibanda na nyumba za nyuma zilizokuwa zimejazana uani hazikurudishwa. Ua ukaachwa wazi, ukaingia mwanga na miti. Kifusi kilisagwa kikawa zege na matofali ya kujengea. Hata matofali ya zamani yalisombwa kutoka miji mingine, ukiwemo Wrocław, na mji huo ulioporwa matofali nao ulikuwa umeharibiwa na vita hivyohivyo. UNESCO iliuingiza Mji wa Kale wa Warsaw katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1980, ikijua wazi kwamba ni mji mpya wenye sura ya kale. Kwa hiyo mama akisema "irudi", muulize: irudi na choo kilekile cha shimo? Nadhani atacheka, na hapo mazungumzo na wanawe yataanza kuwa rahisi.

Warsaw ina upande mwingine, na ndugu zako wausikie. Tarehe 26 Oktoba 1945 serikali ilitoa amri iliyofanya ardhi yote ya mji kuwa mali ya umma. Bila amri hiyo kujenga haraka vile kungekuwa shida, maana kila kiwanja kingengoja mwenyewe, na wenyewe wengi walikuwa wamekufa au wametawanyika duniani. Ila deni hilo kwa wenye ardhi halikulipwa. Baada ya ukomunisti kuanguka 1989 warithi wakaanza kudai. Wakatokea na wajanja walionunua madai ya warithi kwa bei ya karanga, wakachukua majengo, na wapangaji waliokaa humo miaka mingi wakatolewa nje. Kashfa yake ilitikisa mji zaidi ya miaka 70 baada ya vita.

Beirut, Lebanon, walijaribu njia nyingine. Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliisha 1990, na kitovu cha mji kikakabidhiwa kampuni moja, Solidere, iliyoanzishwa 1994 kwa msukumo wa waziri mkuu Rafic Hariri. Wenye nyumba na maduka hawakurudishiwa milango yao. Walipewa hisa za kampuni. Majengo mengi yaliyokuwa yamebaki wima baada ya vita yalibomolewa na wajenzi. Kifusi na taka zikasukumwa baharini, zikawa ardhi mpya ya kuuza. Mitaa ilitoka safi, mawe ya rangi ya asali, maduka ya saa na manukato, ila yule muuza mboga na fundi viatu wa soko la zamani hawakuweza kulipa kodi ya kurudi. Pale ufukweni hoteli ya St. Georges, iliyokataa kumezwa, ilitundika bango kubwa la kuipinga kampuni hiyo, na bango likakaa miaka na miaka.

Mimi nikiulizwa mji upi niuogope zaidi, nasema Beirut. Makombora ya Shangani yamewaachia kuta tatu. Mkataba mbaya na mwekezaji utawaachia hisa, au ahadi ya fleti mbili kati ya kumi, na hizo mbili zitagombaniwa na warithi ishirini.

Basi kabla ya ramani ya fundi, andikeni ramani ya mirathi. Nani warithi wa babu, wako wapi, nani amefariki na ameacha nani. Hati ya zamani ikiwepo, ya Kiitaliano, ya Kiarabu au ya serikali iliyoanguka 1991, itieni nakala na iwekwe nchi mbili tofauti. Hati ikikosekana, majirani wazee waliotawanyika Mombasa, Nairobi, London na Toronto wakae mbele ya kadhi au wakili watoe ushahidi wa mipaka: kushoto nyumba ya fulani, kulia ya fulani, nyuma kichochoro. Angalieni pia kama kuna sehemu iliyo wakfu, maana wakfu haugawiwi wala hauuzwi. Na kama kuna watu waliokimbia vita vijijini wakajistiri kwenye kuta hizo, ongeeni nao na muwatafutie pa kuhamia. Nanyi mlipokelewa Mombasa.

Sasa niseme kwa haki ya ndugu zako, kwa sababu watu wa kazi yangu tuna kasoro ya kumwona kila apendaye zege kuwa adui. Rotterdam, Uholanzi, ilipigwa mabomu tarehe 14 Mei 1940, watu wapatao 80,000 wakabaki bila makazi, na wenyewe hawakutaka kurudisha mji wa kale. Walichora upya kabisa, na 1953 wakafungua Lijnbaan, mtaa wa maduka usiopita magari, ulioigwa na miji mingi baadaye. Le Havre, Ufaransa, ulijengwa upya na msanifu Auguste Perret kwa zege tupu, na mwaka 2005 UNESCO ikautia kwenye urithi wa dunia. Mwaka uleule iliingia Mostar, Bosnia, kwa ajili ya daraja la 1566 lililoangushwa kwa makombora Novemba 1993 na kujengwa upya kwa ufundi wa Kiosmani, vyuma vya kuunganishia mawe vikimiminiwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Daraja lilifunguliwa 2004, la kale kwa kila namna, na bado mji ulikaa kuanzia 2008 hadi 2020 bila uchaguzi wa baraza lake kwa ugomvi wa Wakroatia na Wabosnia. Kwa hiyo kujenga kipya si dhambi, na kurudisha cha kale hakumpatanishi mtu na jirani yake.

Hoja yangu dhidi ya ghorofa tano ni ya kifundi.

Kuta za mawe ya matumbawe za unene wa nusu mita hivi zilikadiriwa kubeba nyumba ya kawaida ya pwani, ghorofa mbili au tatu. Ghorofa tano zinataka nguzo za zege na msingi wa kina, na msingi huo utachimbwa ubavuni mwa nyumba za majirani ambazo zimesimama kwa kuegemeana na zenu. Nimeona Mji Mkongwe jirani anachimba, na nyumba ya pili inapasuka kuanzia juu ya mlango. Mkitumia zege, nondo zake zitakuwa zinavuta hewa ya chumvi kila siku. Nondo ikishika kutu inavimba, na zege linapasuka kutoka ndani. Fundi asiyeacha unene wa kutosha juu ya nondo, na mchanga usiooshwa wa ufukweni, vitawapa jengo la kukarabatiwa kabla watoto wenu hawajamaliza shule.

Kuna na choo. Nyumba ilikuwa ya ukoo mmoja, kisima kimoja, shimo moja. Fleti kumi ni familia kumi. Maji yatatoka wapi, na maji machafu yataenda wapi, katika mtaa wa kale ulio hatua chache kutoka baharini? Ndugu zako waulize hilo kabla ya kuuliza kodi ya mwezi. Na umeme: nyumba yenye kuta nene na dari ndefu, inayofunguka uani, inalala bila kiyoyozi miezi mingi ya mwaka. Sanduku la zege lenye dirisha upande mmoja halilaliki bila mashine, na mwenye kulipa mafuta ya jenereta ni mpangaji, yaani ni nyinyi atakaposhindwa.

Ningefanyaje mimi? Ningebakisha kuta tatu, nizishikilie kwa miti ya kuegemeza wiki hii kabla ya mvua, kisha nijenge ndani yake nyumba ya ghorofa mbili juu ya ile ya chini. Chini duka au mawili yanayofungua barazani. Katikati fleti mbili za kupangisha. Juu kwa mama. Pesa itakuwa ndogo kuliko ya fleti kumi, lakini gharama nayo ni ndogo, na mawe mnayo. Kipya kionekane kipya ukikaribia, kama yale mawe ya Dresden. Sipendi kumdanganya mjukuu.

Ukuta wa zamani usipigwe lipu ya saruji. Hili nalisema kila mahali na kila mahali napuuzwa. Ukuta wa matumbawe unakunywa maji ya ardhini na unyevu wa bahari, halafu unayatoa kupitia chokaa. Ukiufunga kwa saruji, maji yanapanda juu zaidi yakitafuta njia, chumvi inaganda nyuma ya lipu, jiwe linalika likawa unga, na lipu inabanduka kama gamba. Tumieni chokaa iliyozimwa vizuri, ikaachwa ikaiva, ipigwe tabaka nyembamba na ilindwe na jua kwa magunia yenye maji. Ni kazi ya polepole. Fundi atakayekwambia anamaliza ukuta kwa siku mbili, mpe chai umuage. Boriti za mikoko msizikimbilie. Misitu hiyo imekatwa vya kutosha. Mvinje uliotiwa dawa unafaa mahali pengi.

Mafundi wenyewe mtawapata wapi? Timbuktu, Mali, ilijibu swali hilo vizuri kuliko Ulaya. Mwaka 2012 wapiganaji walibomoa makaburi ya mawalii, na hadi katikati ya 2015 makaburi 14 yalikuwa yamejengwa tena. Waliojenga ni waashi wa palepale, ambao ufundi wao unapita kwa baba na mwana. Wachimbaji wa mambo ya kale walitafuta alama ya msingi ardhini, wazee wakahojiwa, picha zikalinganishwa, kisha waashi wakashika udongo. Huku kwetu Lamu na Unguja wako watu wanaojua kuzima chokaa na kupanga boriti. Mchukueni mmoja miezi mitatu, awe na vijana sita wa Shangani chini yake. Atakaporudi kwao, mtaa wenu una mafundi, na nyumba inayofuata itakuwa nafuu. Mtaa wetu wa Unguja nao unaitwa Shangani, na jumba la Garesa la Mogadishu lilijengwa enzi za masultani wa Zanzibar, kabla Waitalia hawajanunua bandari za Benadir, yaani pwani yenu hiyo, 1905. Mafundi wetu si wageni wa kuta zenu.

Umenitajia harusi ya 1978. Picha zipo? Kama zipo, mama ndiye chuo chenu cha ufundi cha Warsaw. Msiangalie bibi harusi, angalieni nyuma yake. Boriti za mkoko hazifiki mbali, ndiyo maana vyumba vya pwani ni vyembamba, kama mita mbili na nusu hadi tatu kwa upana. Hesabuni boriti zinazoonekana darini, pimeni nafasi kati ya matundu yaliyobaki ukutani, na mtapata urefu wa chumba. Mlango ukionekana picha moja na mtu ambaye kimo chake mnakijua, mmepata kimo cha mlango. Hesabuni zidaka. Kisha mkalishe mama na mashangazi pamoja, picha mezani, simu ikirekodi, waulizeni chumba kwa chumba: jua liliingilia wapi asubuhi, maji ya mvua yalitoka wapi, ngazi ilikuwa na vidato vingapi. Watabishana. Yaandikeni na mabishano, majibu yote mawili, na msimsahihishe yeyote mpaka fundi apime. Na mkubwa wao kwa umri ndiye aanze kuulizwa.